Seva Ikishindwa Kufikisha, Iseme

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, watumishi wengi wamebadilishiwa vituo, na wizara zimegawanywa au kuunganishwa. Januari 2022, iliyokuwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto iligawanywa ikawa wizara mbili. Mabadiliko ya namna hii huacha nyuma anwani za barua pepe zisizo na mwenyewe. Mkazi wa Kondoa au Manyoni aliyeiandika anwani hiyo kwenye daftari lake bado anaitumia. Anatuma maombi, anasubiri wiki mbili, anaamini ofisi imempuuza, kumbe hakuna hata mtu mmoja aliyeiona barua yake.

Ndiyo maana ripoti ya kutofikishwa kwa barua, ile inayokuja kwa jina la Mailer-Daemon na ambayo wengi huifuta bila kuisoma, ni huduma kwa mwananchi. Maafisa TEHAMA wanapaswa kuipangilia kwa uangalifu uleule wanaoupa ulinzi wa mfumo.

Barua pepe husafirishwa kwa mazungumzo ya mashine mbili. Kanuni zake, SMTP, ziliandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982. Seva inayotuma hutaja mtumaji, kisha mpokeaji, na seva ya upande wa pili hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Namba ikianza na 2, imekubali. Ikianza na 4, kuna kikwazo cha muda, ijaribu tena baadaye. Ikianza na 5, imekataa moja kwa moja. Huongezwa pia msimbo unaoeleza sababu: 5.1.1 maana yake anwani ya mpokeaji haipo, na 5.2.2 maana yake sanduku lake limejaa.

Jambo la kwanza kupangilia, na kubwa kuliko yote, ni wakati wa kukataa. Karani wa masijala akiletewa bahasha ya mtu asiyekuwapo, humwambia mleta barua palepale mlangoni, naye huondoka nayo. Akiipokea na kuigonga muhuri, mzigo wa kuirudisha umekuwa wake, na hana cha kumwongoza ila jina lililoandikwa mgongoni mwa bahasha. Seva iko hivyo hivyo. Ikikataa wakati mazungumzo bado yanaendelea, seva iliyotuma ndiyo itakayomwarifu mtumaji wake, kwa sababu inamfahamu. Ikikubali kwanza kisha ikagundua mpokeaji hayupo, italazimika kuandika ripoti na kuipeleka kwenye anwani ya mtumaji iliyotajwa. Na anwani hiyo huenda ni ya kughushi. Watumaji wa barua taka huiba anwani za watu wasiohusika, hivyo ripoti humwagika kwa mtu ambaye hakutuma chochote, na seva yako huingizwa kwenye orodha za wasumbufu. Baada ya hapo hata barua zako halali huanza kukataliwa.

Kosa hili hutokea sana pale ofisi inapoweka seva ya kuchuja barua taka mbele ya seva yenye masanduku ya watumishi. Ile ya mbele haina orodha ya majina, basi hukubali kila kitu. Ipewe orodha hiyo. Kwenye Postfix, mojawapo ya programu za seva ya barua pepe, kipengele chake ni relay_recipient_maps, na kifungamanishwe na orodha ya utumishi ili anayehama aondolewe siku hiyohiyo. Wapo wanaohofu kwamba kukataa waziwazi kutawafundisha wahalifu anwani zipi zipo. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kuiwekea ukomo mashine inayobahatisha majina mengi kwa mfululizo. Kuikubali barua na kuitupa kimya kimya humwadhibu mwananchi.

Jambo la pili ni subira. Ikijibiwa kwa 4, seva huweka barua kwenye foleni. Postfix hujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa, na kanuni za kimataifa nazo zinapendekeza siku 4 hadi 5. Usizipunguze. Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota nchi nzima. Foleni ya saa chache ingerudisha barua nzuri kabisa kana kwamba zilikosewa anwani. Hata hivyo, siku 5 za kimya ni nyingi kwa mtu mwenye zabuni inayofungwa kesho. Kipengele cha delay_warning_time kwa kawaida kimezimwa. Kiwashe kwa saa 4, mtumaji ajue mapema kuwa barua bado iko njiani.

Ripoti yenyewe hutumwa ikiwa na mtumaji mtupu, yaani alama mbili tu, <>, ili nayo ikishindwa kufika isizae ripoti nyingine bila kikomo. Maafisa wengine huzuia barua zote za mtumaji mtupu wakidhani ni taka. Wakifanya hivyo, watumishi wao hawatajua kamwe barua zao zimekwama. Majibu ya moja kwa moja ya aliye likizo nayo yasijibu barua ya aina hii.

Halafu kuna lugha. Ripoti kamili ina sehemu tatu: maelezo kwa binadamu, taarifa kwa mashine, na barua iliyoshindikana au vichwa vyake tu. Sehemu ya mashine haiguswi. Ya kwanza ni yetu, na karibu kila mahali imeachwa kwa Kiingereza cha kiwandani. Postfix inaruhusu kuibadilisha kwa faili linalotajwa kwenye bounce_template_file, na Kiswahili hakihitaji hata herufi moja ya ziada kwenye kompyuta. Mwananchi anaweza kusoma hivi: “Barua yako haikufika. Anwani uliyoandika haipo au mwenyewe amehama. Hakiki herufi moja moja, au piga simu masijala.” Chini yake iwekwe namba ya simu ya ofisi, kisha anwani ya postmaster, ambayo kila kikoa kinachopokea barua kinalazimika kuwa nayo, na apangwe mtumishi wa kuisoma kila asubuhi.