Swali la Kabaka Mutesa

Jumapili moja ya Juni 1879, baraza la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, lilikuwa limejaa watu. Machifu waliketi kwa vyeo vyao, vijana wahudumu wa ikulu wakajipanga pembeni, na mbele yao alikuwapo Mskoti mwenye umri wa miaka 29, fundi wa mitambo, jina lake Alexander Mackay. Alikuwa ametumwa na CMS, shirika la wamisionari la Uingereza. Kabaka alimruhusu kuendesha ibada ya Jumapili humo humo barazani, naye akasoma Injili kwa Kiswahili, ile tafsiri ya Askofu Edward Steere wa Unguja, huku maneno yakigeuzwa kuwa Kiganda kwa wasiojua lugha ya pwani.

Siku hiyo palikuwa na wageni. Februari ya mwaka huo Mapadre Weupe kutoka Ufaransa walikuwa wameshuka kwenye mtumbwi huko Kigungu, jirani na Entebbe ya leo. Mmoja wao alikuwa Padre Siméon Lourdel, kijana wa miaka 25, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Mackay na wenzake walipopiga magoti kusali, Lourdel hakupiga. Kabaka alikuwa mtu wa kuona kila kitu. Akauliza sababu.

Lourdel akajibu kwa hamaki, akichanganya Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa. Alisema hawezi kushiriki sala hiyo kwa kuwa dini yenyewe si ya kweli. Watu hawa, alisema, walikuwa wamoja na Kanisa Katoliki karne nyingi, kisha wakajitenga, na sasa wanafundisha uongo. Mackay naye akajieleza: wao wanalifuata neno la Mungu kama lilivyoandikwa, na hawakubali kwamba Papa ni mkuu wa Wakristo wote. Habari za siku hiyo tunazijua zaidi kutoka kwenye kumbukumbu alizoandika Mackay mwenyewe, kwa hiyo, wajukuu zangu, mzisikilize mkijua kwamba ni mdomo wa upande mmoja. Hata hivyo swali la Kabaka lina sauti ya mtu aliyechanganyikiwa kweli. Je, kila taifa la Wazungu lina dini yake? Na yeye atajuaje ipi ni ya haki?

Waarabu nao walikuwapo barazani na Kitabu chao, na Mutesa alikwisha kufunga Ramadhani kwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Hakuwa mtoto katika mambo ya dini.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu na ninyi mnaulizana vivyo hivyo shuleni: kanisa lipi ndilo la kweli? Wapo wakubwa watakaowaambia msiulize, makanisa yote ni sawa tu. Mimi sikubali. Kama Kristo alianzisha kanisa, basi kuuliza liko wapi na nani ana mamlaka ndani yake ni haki ya kila mtu aliyebatizwa, na hata ya Kabaka asiyebatizwa. Ila mtu akiuliza, asome na aya zile ambazo mwenzake anazishika. Barazani siku ile hapakuwa na nafasi ya hilo. Leo ipo, kwa hiyo tuwape wale wawili muda walioukosa.

Lourdel angefungua Injili ya Mathayo sura ya 16. Yesu yuko upande wa Kaisaria Filipi na anawauliza wanafunzi wake wanamwona kuwa nani. Simoni ndiye anayejibu kwamba yeye ni Kristo. Hapo Yesu anamwita Petro, anazungumzia mwamba na kanisa litakalojengwa juu yake, tena anamwahidi funguo za ufalme wa mbinguni. Padre angewaomba waliokuwa barazani waziangalie sana hizo funguo, kisha angerudi nyuma hadi Isaya sura ya 22, ambako Eliakimu anakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya Daudi awe msimamizi wa nyumba ya mfalme. Hakuna aliyeketi pale ambaye angeshindwa kuelewa. Kabaka alikuwa na Katikkiro wake, yaani waziri wake mkuu, na neno la Katikkiro lilikuwa na nguvu kwa sababu ya aliyemweka, na Katikkiro mmoja akiondoka, mwingine hushika kiti kile kile. Hiyo ndiyo hoja ya Wakatoliki kwa ufupi: Petro alikufa, lakini kazi aliyopewa haikufa naye, na Askofu wa Roma ndiye khalifa wake. Wangeongeza Yohana sura ya 21, Petro anapoagizwa mara tatu kuwachunga kondoo, na Matendo ya Mitume sura ya 1, ambako nafasi aliyoiacha Yuda haikuachwa wazi bali alipewa Mathiya.

Hoja hiyo ina uzito. Anayeicheka hajaisoma.

Mackay naye asingekaa kimya. Angemwambia padre afunue kurasa mbili tatu tu mbele, Mathayo sura ya 18, aone kwamba mamlaka ya kufunga na kufungua wanapewa wanafunzi kwa pamoja. Angemwonyesha Paulo akiwaandikia Wakorintho kwamba msingi ni Yesu Kristo, hakuna mwingine. Petro mwenyewe, katika waraka wake wa kwanza, anawaasa wazee wa kanisa akijihesabu kuwa mzee pamoja nao. Kisha angefika Wagalatia sura ya 2, mahali ambapo Waprotestanti hupenda kusimama. Petro yuko Antiokia. Alikuwa akila meza moja na Wakristo wasio Wayahudi, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo akaogopa, akajitenga. Paulo akampinga uso kwa uso mbele ya watu wote. Mackay angeuliza: kama Petro alikuwa mkuu juu ya wote, iweje akemewe hadharani, tena mwenye kukemea ndiye awe na haki?

Hapo Mkatoliki hujibu kwamba mkubwa akikemewa kwa kosa hapotezi kiti chake, na kwamba huyo huyo Paulo anasema katika sura ya 1 kwamba alipanda kwenda Yerusalemu kumwona Kefa akakaa kwake siku 15. Mimi naona jibu hilo ni la haki. Naona pia kwamba halifuti swali la Mackay.

Lakini msidhani ugomvi wote ni wa Petro. Chini yake liko swali jingine kubwa zaidi: wasomaji wa Biblia wasipokubaliana, nani aamue? Mprotestanti hushika Timotheo wa pili sura ya 3, panaposifiwa Maandiko yenye pumzi ya Mungu, na huwapenda wale watu wa Beroya katika Matendo sura ya 17, waliochunguza Maandiko kila siku waone kama hata mahubiri ya Paulo ni kweli. Mkatoliki na Mwothodoksi hushika Wathesalonike wa pili sura ya 2, Paulo anapoagiza washike mapokeo waliyofundishwa, yawe ya mdomo au ya waraka, na Timotheo wa kwanza sura ya 3, ambapo kanisa ndilo linaloitwa nguzo ya kweli. Aya hizi zote zimo katika Biblia moja. Kila upande una zake za kukariri, na una nyingine ambazo huzipita haraka haraka.

Mkitaka kuona mamlaka ikifanya kazi hasa, nendeni Matendo ya Mitume sura ya 15. Mimi huwaambia vijana waanzie hapo kabla ya pengine popote. Watu wa mataifa wameanza kuamini, na wapo waliokuja Antiokia kutoka Uyahudi wakisema wasipotahiriwa hawataokoka. Ugomvi si mdogo. Kanisa la Antiokia halikuamua peke yake. Liliwatuma Paulo na Barnaba Yerusalemu kwa mitume na wazee. Huko nako wakahojiana sana. Petro akasimama akaeleza jinsi Mungu alivyowapokea watu wa mataifa bila masharti hayo. Mkutano ukanyamaza, ukawasikiliza Barnaba na Paulo. Kisha Yakobo akanukuu manabii, akatoa shauri lake, na barua ikaandikwa kwa jina la mitume na wazee, ikisema kwamba uamuzi huo ni wa Roho Mtakatifu na wao pia.

Sasa tazameni. Mkatoliki huona kwamba baada ya Petro kusema, mabishano yalikoma. Mwothodoksi huona kwamba aliyehitimisha ni Yakobo, na kwamba jambo liliamuliwa na mtaguso, si na mtu mmoja. Mlutheri na Mwanglikana huona kwamba Yakobo aliegemea maneno ya manabii. Na yale makanisa ambayo waumini wote hupiga kura hayakosi kuonyesha kwamba kanisa zima lilikubali. Ni sura moja, wala hakuna anayeona kisichokuwepo. Nami huvutiwa na jambo dogo zaidi: hakuna aliyeondoka katika mkutano ule kwenda kuanzisha kanisa lake.

Hata mababa wa kanisa walisitasita juu ya mwamba wa Mathayo. Augustino, askofu wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini, alifundisha mwanzoni kwamba mwamba ni Petro. Baadaye alifundisha mara nyingi kwamba mwamba ni Kristo aliyekiriwa na Petro. Uzeeni alipokagua vitabu vyake, aliyaweka maelezo yote mawili mbele ya msomaji, achague mwenyewe. Kabla yake Sipriani, askofu wa Karthago, aliandika kwa bidii kubwa juu ya umoja wa kanisa na kiti cha Petro, naye huyo huyo akabishana vikali na Stefano, askofu wa Roma, kuhusu ubatizo wa waliotoka kwa wazushi. Katika hilo kanisa la magharibi lilikuja kufuata desturi ya Roma, na Sipriani bado anaheshimiwa kuwa mtakatifu.

Wala swali halikuishia kwa Wazungu wawili barazani. Mnamo 1929 Mganda mmoja, Reuben Spartas, aliyelelewa katika Uanglikana, alijitenga akitafuta kanisa la kale la mitume lisilotawaliwa na wamisionari wa Ulaya. Aliliona katika Uothodoksi. Alipewa upadre mwaka 1932, na mwaka 1946 Patriaki wa Aleksandria akalipokea kanisa lake. Ndiyo maana leo mnaliona kanisa kuu la Waothodoksi kule Namungoona, Kampala. Spartas alikuwa amejibu swali la Mutesa kwa jibu ambalo si la Lourdel wala la Mackay.

Mutesa mwenyewe alifariki Oktoba 1884 bila kubatizwa na upande wowote. Nikisoma Yohana sura ya 17 humkumbuka yeye. Katika sala ile, usiku wa kuamkia mateso yake, Yesu anaomba wafuasi wake wawe wamoja, na anatoa sababu: ili ulimwengu upate kuamini. Siku ile ya Juni ulimwengu ulikuwa umeketi kitini na kuuliza.

Uhasama ule wa Wakatoliki na Waprotestanti ulizidi kukua. Waumini wakajigawa vyama, Wafransa na Wangereza, ingawa wengi wao walikuwa Waganda watupu. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana kwa bunduki huko Mengo, Kapteni Lugard, afisa wa Kiingereza, akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya rashasha ya Maksimu, na kanisa la Wakatoliki kule Rubaga likateketea. Baada ya hapo hata uchifu uligawanywa kwa dini. Hakuna aya hata moja niliyowatajia hapo juu iliyowaagiza hayo.

Lakini ipo habari ya nyuma kidogo, ya mwaka 1885, ambayo sipendi mtu yeyote akue bila kuijua. Mwanga, mwana wa Mutesa, ndiye aliyekuwa Kabaka. Mnamo Januari vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Oktoba, Askofu James Hannington wa Kanisa la Uingereza, aliyekuwa njiani kuja Buganda, aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Pale ikulu palikuwa na Mkatoliki, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewasimamia vijana wahudumu. Alikuwa amebatizwa mwaka 1882, na aliyembatiza ni Lourdel, padre yule yule aliyekataa kupiga magoti. Balikuddembe alimwendea Mwanga, akamlaumu kwa kumwua askofu bila hata kumpa nafasi ya kujitetea. Kwa wakubwa wa ikulu hilo lilikuwa kosa lisilosameheka. Tarehe 15 Novemba alikatwa kichwa, mwili wake ukachomwa moto.

Juni 3 ya mwaka uliofuata, huko Namugongo, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa siku moja kwa amri moja. Mackay na Lourdel waliwalilia watoto wao, kila mmoja kwenye misheni yake, na wote wawili walifariki mwaka 1890, Mackay Usambiro, kusini mwa ziwa, mwezi Februari, na Lourdel Buganda mwezi Mei. Balikuddembe na wenzake 21 walitangazwa watakatifu Roma tarehe 18 Oktoba 1964, na katika mahubiri ya siku hiyo Papa Paulo VI aliwataja pia wale Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo.