Diski Moja, Hesabu Mbili

Leo tunazungumzia jambo ambalo kwa kulitazama mara moja huonekana kuwa ni la mafundi peke yao. Kwa hakika lamhusu kila askari aliyekabidhiwa kumbukumbu au kielelezo cha kesi. Jambo lenyewe ni kipimo cha diski zinazosomwa kwa mwali wa leza, yaani CD, DVD na Blu-ray.

CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, DVD ikafuata mwaka 1996, na Blu-ray mwaka 2003. Siku hizi flashi imezipokonya kazi nyingi. Hata hivyo, diski ya kuandikwa mara moja ina sifa inayoifaa kazi ya ushahidi, kwa kuwa kilichokwisha kuandikwa humo hakiwezi kufutwa na kuandikwa kingine mahali pake.

Sasa fikirini askari anayepokea DVD mpya. Jalada lasema gigabaiti 4.7. Aitia katika kompyuta ya Windows, nayo yaonyesha 4.38. Aipeleka katika kompyuta ya Apple ya tangu mwaka 2009, nayo yaonyesha 4.7. Je, sehemu iliyopungua imekwenda wapi? Jibu ni kwamba hakuna kilichopungua. Diski ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo.

Askari wa mizinga atalielewa jambo hili upesi. Akiambiwa adui yuko umbali wa 1,000, hana budi kuuliza: yadi au mita? Maana yadi 1,000 ni mita 914 tu, na kombora halisamehe tofauti hiyo. Katika kompyuta hali ni ngumu zaidi, kwa sababu vipimo viwili tofauti vimepewa jina moja.

Kipimo cha msingi ni baiti, ambayo ni biti 8. Kwa hesabu ya kawaida ya kumi, kilobaiti ni baiti 1,000, megabaiti ni milioni moja, na gigabaiti ni bilioni moja. Lakini kompyuta hufanya kazi kwa hesabu ya mbili, na mafundi wa zamani waliona kwamba 1,024 iko karibu mno na 1,000, wakaiita nayo kilo. Kwa hesabu hiyo, mega ikawa 1,048,576 na giga ikawa 1,073,741,824. Tofauti iliyokuwa asilimia 2.4 katika kilo imekua ikawa asilimia 7.4 katika giga, na katika tera yakaribia asilimia 10. Kosa dogo likizidishwa halibaki dogo.

Ili kuondoa utata huo, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilitoa majina mapya mwezi Desemba 1998: kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti kwa hesabu ya mbili, ili kilo, mega na giga zibaki kwa hesabu ya kumi. Majina hayo yapo, ila wengi hawayatumii.

Watengenezaji wa diski nao hawakufuata njia moja. DVD na Blu-ray hupimwa kwa hesabu ya kumi. Kwa hiyo DVD ya 4.7 ni gibibaiti 4.38, ile ya tabaka mbili, ya 8.5, ni gibibaiti 7.92, na Blu-ray ya 25 ni gibibaiti 23.3. Lakini CD hupimwa kwa hesabu ya mbili. Mwenye kalamu na aandike: CD ya dakika 80 ina sekunde 4,800, na kila sekunde ina vipande 75, jumla vipande 360,000. Kila kipande kina baiti 2,048 za taarifa, nazo jumla yake ni baiti 737,280,000. Gawanya kwa 1,048,576, utapata mebibaiti 703. Hiyo ndiyo CD iitwayo ya 700.

Madhara ya kutojua haya si madogo. Askari mwenye picha za kamera ambazo Windows yasema ni gigabaiti 4.5 atadhani zitaenea katika DVD ya 4.7. Hazitaenea: zimezidi kwa baiti zaidi ya milioni 120. Akilazimika kuzigawa au kuacha baadhi dakika za mwisho, huenda kinachoachwa ndicho mahakama ilichokihitaji.

Vilevile kamanda anayetaka diski hiyo ya 4.7 itumwe makao makuu kwa njia yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde asihesabu dakika 10. Megabiti 8 ni megabaiti 1 tu; kazi hiyo itachukua dakika 78.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chazungumzia taarifa za kompyuta, zikiwamo zilizonakiliwa katika diski za namna hii, na chataja hati ya kuzithibitisha. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yaikubali taarifa ya kielektroniki mahakamani, na yaitaka mahakama ipime jinsi ilivyotunzwa. Ikiwa hati moja yasema 4.7 na nyingine 4.38, wakili wa mshtakiwa ana haki ya kuuliza ni nani aliyepunguza. Na kielelezo kikivuka mpaka kutoka polisi wa nchi moja kwenda kwa jirani, hakuna atakayekuwapo kueleza kwamba kompyuta zilitofautiana.

Dawa yake ni nyepesi. Katika daftari la vielelezo, iandikwe idadi kamili ya baiti, kwa tarakimu zote, kama kompyuta inavyoionyesha katika maelezo ya faili. Idadi hiyo haina hesabu mbili: ni ile ile Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Askari hahesabu risasi zake kwa kukisia. Basi na ushahidi aliokabidhiwa asiuhesabu kwa kukisia.