Je, Mrusi Anashinda?

Tangu majeshi ya Urusi yalipovuka mpaka wa Ukraine alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022, swali moja limekuwa likizunguka viwandani, bandarini na katika mabaraza yetu ya jioni: Je, Mrusi anashinda au anashindwa? Kila mtu ana jawabu lake. Mmoja ameona ramani iliyopakwa rangi nyekundu upande wa mashariki, naye asema mambo yamekwisha. Mwenzake ameona picha ya kifaru kinachoungua kando ya njia, naye pia asema mambo yamekwisha, ila kwa upande wa pili. Sisi hatuwalaumu. Lakini twaona kwamba wote wawili wametazama kitu kisichojibu swali lao.

Wako pia ndugu zetu ambao humpima Mrusi kwa mapenzi. Wanakumbuka bunduki na nafasi za masomo walizopewa wapigania uhuru wa Afrika zamani za Umoja wa Kisovieti, nao hawapendi kusikia kwamba jeshi lake limekwama. Shukrani ni jambo la kiungwana. Lakini Umoja wa Kisovieti haukuwa Urusi peke yake; Ukraine nayo ilikuwamo, na wanafunzi wengi wa Kiafrika walisomea Kyiv na Kharkiv, miji ileile iliyopigwa makombora mwaka 2022. Mwenye kupima kwa mapenzi na apime pande zote mbili, na akisha kupima atakuwa bado hajajua lolote juu ya vita.

Jeshi lililovamia hupimwa kwanza kwa kusudi lake lenyewe la siku ya kwanza. Anayelinda nyumba yake hushinda kwa kutoondoka. Aliyevunja mlango hana budi kukipata kile alichokijia. Mrusi alijia nini? Mwendo wa askari wake watwambia. Siku ileile ya kwanza askari wake waliteremshwa kwa helikopta katika uwanja wa ndege wa Hostomel, karibu na Kyiv, ili ndege kubwa zipate kutua na kuleta wengine. Misafara ya vifaru na malori nayo ikateremka kutoka Belarus. Jeshi liendalo hivyo halikuja kumega wilaya mbili za mpakani. Limekuja kuushika mji mkuu na kuiondoa serikali, tena kwa haraka.

Ndege zile kubwa hazikutua. Waukraine waliupigania uwanja ule hata haukufaa tena kwa kazi iliyokusudiwa. Kisha ukaonekana, kwa picha zilizopigwa kutoka angani, msafara wa kilomita zipatazo 64 ukielekea Kyiv, na dunia ikashika tama. Wataalamu wengi walisema mji utaanguka kwa siku chache. Sisi twadhani kama wangalimwuliza dereva mmoja wa Kitanzania aliyelala siku tatu katika foleni ya Tunduma, angaliwajibu vingine. Malori yaliyosimama hayapeleki kitu, nayo yanakula. Askari walio ndani wataka chakula, injini zataka dizeli hata zikiwa mahali pamoja, na aliye nyuma hawezi kumpita aliyeharibikiwa mbele. Theluji ilikuwa ikiyeyuka. Nje ya lami palikuwa tope tupu. Jeshi la Urusi limezoea kulishwa kwa reli, na reli za Ukraine zilikuwa mikononi mwa wenyewe. Hata ilipoanza Aprili lilikuwa limeuacha upande wote wa kaskazini, na kule Bucha zikakutwa maiti za raia barabarani.

Ramani ilisema nini wakati huo? Mwezi Machi ilionyesha nchi pana imetwaliwa, kumbe mahali pengi kilichotwaliwa kilikuwa barabara, na vijiji vya kulia na kushoto vilikuwa na watu wenye silaha waliongoja malori ya mafuta. Kherson ndio mji mkuu wa mkoa pekee ambao Mrusi aliuteka baada ya uvamizi ule. Tarehe 30 Septemba 2022 Rais Putin alitangaza kwamba mkoa wa Kherson na mingine mitatu imekuwa sehemu ya Urusi. Tarehe 11 Novemba askari wa Ukraine waliingia Kherson huku watu wakiwakumbatia njiani. Tangazo na kuondoka vilipishana kwa siku 42.

Watu wa Kagera hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mwaka 1978 Idi Amin aliiteka nchi yao ya kaskazini ya mto, akalivunja daraja la Kyaka, akatangaza kwamba ardhi ile ni ya Uganda. Kwa mtu wa ramani alikuwa ameshinda. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikwisha kumtoka.

Tuje kwenye hesabu za wafu, ambazo ndizo zinazodanganya kuliko ramani. Kila upande huhesabu kwa bidii maiti za mwenzake na kuzifumbia macho zake. Tarehe 21 Septemba 2022 Waziri wa Ulinzi wa Urusi alisema kwamba askari wake waliokufa ni 5,937. Siku iyo hiyo serikali yake ilitangaza kuwaita askari wa akiba 300,000. Mfanyakazi yeyote ajuaye kuhesabu mshahara wake aweza kuziweka tarakimu hizo mbili pamoja. Hakuna mwenye duka aliyepoteza magunia sita akaagiza mia tatu. Waandishi waliokuwa wakikusanya majina mojamoja, kutoka makaburini na katika matangazo ya vifo, walikuwa wamekwisha kupita majina 100,000 ya Warusi katika mwaka 2025. Rais Zelenskyy naye alitaja wafu 31,000 wa upande wake mwezi Februari 2024, nasi hatumlazimishi mtu kuipokea tarakimu hiyo kama ilivyo.

Lakini wale waliolizika jeshi la Urusi mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya kushindwa Kharkiv na Kherson, waliharakisha matanga. Jeshi likishindwa laweza kujifunza, na hili lilijifunza. Lilichimba mahandaki, likatega mabomu ardhini kwa wingi wa kutisha, na Waukraine walipoanza mashambulio yao Juni 2023 hawakufika Bahari ya Azov kama walivyotumaini. Likaongeza droni na mabomu mazito ya kuangushwa kutoka mbali. Likatwaa Bakhmut mwezi Mei 2023, na Avdiivka Februari 2024.

Basi linasonga mbele? Naam. Ila tuulize kwa bei gani na kwa mwendo upi. Prigozhin, mkuu wa kundi la Wagner, alisema mwenyewe kwamba watu wake 20,000 walikufa kwa ajili ya Bakhmut, mji uliokuwa na wakazi wapatao 70,000 kabla ya vita. Mwezi uliofuata akawageuzia bunduki wakubwa wake. Kutoka Avdiivka hadi Pokrovsk ni kilomita zipatazo 40, kama kutoka Posta ya Dar es Salaam hadi Kibaha. Mwendo huo ulilichukua jeshi lile zaidi ya mwaka mzima.

Baharini mambo yalikuwa mabaya zaidi kwake, ingawa ramani ya nchi kavu haiyaonyeshi. Ukraine haikuwa na manowari za maana. Hata hivyo Moskva, manowari iliyoongoza kundi la Bahari Nyeusi, ilizama Aprili 2022, na baadaye meli nyingi zilihamishwa kutoka Sevastopol kwenda Novorossiysk. Urusi ilipojitoa Julai 2023 katika mapatano ya kupitisha nafaka, meli ziliendelea kutoka Odesa kwa kufuata pwani. Kwa mama anayekaanga maandazi Manzese, habari hiyo ilikuwa na uzito kuliko kuanguka kwa Bakhmut, maana ngano yetu nyingi huletwa kwa meli, na bei ya unga ilipopanda mwaka 2022 alijua kabla ya magazeti.

Na mwisho twatazama jeshi linamtuma nani. Lililoingia Februari 2022 lilikuwa na vikosi vyake bora. Kabla mwaka haujaisha Wagner walikuwa wakizunguka magerezani, wakiwaahidi wafungwa msamaha kama watakwenda vitani. Mwezi Januari 2023 Serikali yetu ilieleza kwamba miongoni mwao alikuwamo Mtanzania, kijana aliyekwenda Moscow kusoma, akafungwa, akakubali ahadi hiyo, akauawa Ukraine mwezi Oktoba. Mwili wake ulirudishwa Dar es Salaam. Ile hesabu ya 5,937 ilikuwa imetangazwa mwezi mmoja kabla hajafa.