Kompyuta yafunzwa kubuni dawa za viini sugu

Je, umewahi kumeza dawa ya kuua viini na ugonjwa ukakataa kupona? Huenda viini hivyo vimeizoea dawa hiyo.

Wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, wanaitumia kompyuta kusaka dawa mpya. Kwanza waliionyesha kemikali zipatazo 2,300, wakiifunza ni zipi huzuia viini vya E. coli kukua na zipi hushindwa. Kisha waliipa nyingine kama 6,000 izichuje. Ikachagua moja iliyowahi kuchunguzwa kama dawa ya kisukari. Wakaiita halicin, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba iliwaponya panya walioambukizwa viini sugu.

Mwaka 2025 walipiga hatua zaidi: kompyuta ilichora yenyewe kemikali mpya kabisa, nao wanakemia wakatengeneza chache maabarani. Mojawapo ilikabili kisonono sugu katika panya.

Hata hivyo, usiiulizie katika duka la dawa kesho. Kuponya panya si kuponya mtu. Majaribio huchukua miaka mingi. Kwa sasa, zilinde dawa zilizopo: usizinunue bila maagizo ya daktari, wala usiache kuzimeza kabla ya kumaliza dozi.