Michezo ya wenye ulemavu ilianzishwa na mkimbizi: je, watoto wetu watabaki nyumbani?



Hapa kambini ukisema Jumapili kuna mpira, kila mtu anajua. Hata wazee wanabeba viti vyao kwenda kukaa kando ya uwanja. Lakini ukisema kuna mashindano ya watu wenye ulemavu, wengi wanacheka kidogo, na wengine wanatingisha kichwa kwa huruma. Wanafikiri ni kuwafariji tu hao watu. Mwezi huu nataka tuongee jambo hili vizuri, kwa sababu linagusa nyumba zetu nyingi. Vita imetuachia watu waliokatwa mguu au mkono, na wengine waliopigwa risasi mgongoni. Kuna watoto waliozaliwa na ulemavu, na wengine waliupata kwa polio ama malaria iliyopanda kichwani.

Basi mjue hivi. Mwaka 2024 mjini Paris, Ufaransa, wanamichezo zaidi ya 4,000 wenye ulemavu walikutana kwenye Michezo ya Paralimpiki. Kulikuwa na michezo 22, na ndani yake mashindano 549 ya kugombea medali. Watu wanajiandaa miaka minne kwa ajili ya mbio ya dakika moja. Hiyo si huruma hata kidogo. Na mtu aliyeanzisha njia hii alikuwa mkimbizi kama sisi.

DAKTARI ALIYEKIMBIA

Aliitwa Ludwig Guttmann. Alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu huko Ujerumani, na alikuwa Myahudi. Hitler alipochukua utawala mwaka 1933, madaktari Wayahudi walifukuzwa kwenye hospitali za serikali. Guttmann akaendelea kutibu watu katika hospitali ya Wayahudi, mpaka hali ikawa mbaya kabisa. Mwaka 1939 alikimbia na mke wake na watoto wao wawili, wakaingia Uingereza. Alifika akiwa mgeni kwenye nchi na lugha ya wengine. Nadhani hakuna haja ya kuwaeleza ninyi hiyo ni hali gani.

Mwaka 1944, vita ikiwa bado inaendelea, serikali ya Uingereza ilimpa kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville. Alipewa askari waliovunjika uti wa mgongo, ambao walikuwa hawawezi tena kutembea. Wakati ule watu kama hao walihesabiwa kama wamekwisha kufa. Walilazwa, wakapewa dawa ya maumivu, wakasubiriwa. Wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na kwa maambukizo ya njia ya mkojo.

Guttmann alikataa. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, ili asipate vidonda. (Ninyi mnaomlea mtu wa namna hii nyumbani, shikeni hilo. Ni jambo la bure, na linaokoa maisha.) Halafu akawaambia wale askari waamke, wakae, wafanye kazi, wacheze. Walianza na polo juu ya viti vya magurudumu, wakitumia fimbo. Mchezo ukawa wa fujo sana, ukaachwa. Wakaja kwenye mpira wa kikapu na kulenga shabaha kwa upinde na mshale.

Tarehe 29/7/1948 ilikuwa siku ya kufungua Michezo ya Olimpiki mjini London. Siku hiyohiyo Guttmann alifanya mashindano madogo ya upinde kwenye majani ya hospitali. Walioshindana walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake 2. Basi. Ndiyo mwanzo wenyewe.

MBEGU IKAWA MTI

Mwaka 1952 walikuja askari wa Uholanzi, mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yalihamia Roma, Italia, wakashiriki watu 400 kutoka nchi 23. Hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Lakini msifikiri mambo yalikuwa tayari. Nyumba walizopewa kulala zilikuwa na ngazi, ikabidi wanajeshi wawabebe kuwapandisha na kuwashusha! Hawakusema, "Tungoje kwanza ngazi ziondolewe." Walicheza.

Mpaka hapo walikuwa ni watu wa viti vya magurudumu peke yao. Mwaka 1976, mjini Toronto, Kanada, waliingia pia vipofu na waliokatwa viungo. Mwaka 1988, huko Seoul, Korea Kusini, walitumia viwanja vilevile vya Olimpiki. Mwaka 1989 iliundwa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki, ambayo inaongoza mpaka leo. Guttmann mwenyewe alikufa mwaka 1980.

Viziwi wana njia yao, na wao walitangulia. Walifanya mashindano yao ya kwanza ya kimataifa mjini Paris mwaka 1924. Na kwa wenye ulemavu wa akili, michezo ya Special Olympics ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1968.

WANAPIMWAJE?

Wanafunzi wangu wakubwa waliniuliza: "Mwalimu, asiye na mkono mmoja atashindanaje na asiye na miguu? Si uonevu huo?" Swali zuri. Jibu ni kwamba watu wanapangwa kwa makundi. Kabla ya mashindano, wataalamu wanampima mwanamichezo waone mwili wake unaweza nini na hauwezi nini. Kwa mfano kwenye mbio, herufi T na namba 11 ni ya asiyeona kabisa. T46 ni ya wenye ulemavu wa mkono. Namba za hamsini na kitu ni za wanaokimbia juu ya viti vya magurudumu. Hivyo kila mtu anashindana na anayefanana naye, na anayeshinda anashinda kwa mazoezi na akili.

Michezo yenyewe pia ina sheria zake. Kwenye voliboli ya kukaa, wachezaji sita wa kila upande wanakaa chini. Uwanja una urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, na wavu uko chini: mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Ukigusa balo, makalio yasiinuke. Jaribuni ninyi wenye miguu mizima, mtaona jasho!

Vipofu wana goliboli. Ni watu watatu kila upande, na balo lina kengele ndani. Wote wanafungwa kitambaa machoni ili anayeona kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Watazamaji wanakaa kimya kabisa ili kengele isikike. Na mbio za wasioona zinakimbiwa na watu wawili, kipofu na mwongozaji wake, wameshikana kwa kamba fupi.

MAJIRANI ZETU

Mtu atasema hayo ni ya Wazungu, wenye hospitali na viwanja. Hapana. Angalieni karibu.

Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza macho kwa kiharusi mwaka 1995, akiwa bado kijana. Miaka mitano baadaye, huko Sydney, Australia, alikimbia mita 5,000. Mwongozaji wake alikuwa mgonjwa, akaishiwa nguvu njiani. Mwishoni ikawa kipofu ndiye anamvuta anayeona! Wakafika, akachukua dhahabu. Mwaka 2004, huko Athens, aliongeza dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000.

Mwaka huohuo wa 2004, Jean de Dieu Nkundabera wa Rwanda alipata shaba katika mita 800, medali ya kwanza ya nchi yake. David Emong wa Uganda alipata fedha katika mita 1,500 huko Rio mwaka 2016. Tanzania nayo ina timu ya mpira wa miguu ya waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ambayo mwaka 2022 ilicheza Kombe la Dunia huko Uturuki. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na wanakimbia kwa magongo. Golikipa ana mkono mmoja.

Timu ya Rwanda ya voliboli ya kukaa ilifika London mwaka 2012, na wanawake wa Rwanda wakafika Rio mwaka 2016. Kwenye ile ya wanaume walikuwemo watu waliowahi kuwa askari wa pande mbili zilizopigana. Zamani walilengana kwa bunduki, sasa wanapasiana balo. Sisi tunaoishi hapa mlango kwa mlango na watu tuliokuwa tunawaogopa, tunaweza kuelewa hilo.

NA WAKIMBIZI JE?

Wapo. Rio, mwaka 2016, walishiriki wakimbizi wawili. Mmoja ni Ibrahim Al Hussein, mwogeleaji wa Siria aliyepoteza mguu kwa bomu. Kwenye Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, timu ya wakimbizi ilikuwa na watu sita, na mmoja wao ni Parfait Hakizimana wa Burundi. Alikuwa mtoto wa miaka minane kambi ya waliohama makwao ilipovamiwa. Mama yake aliuawa, yeye akapigwa risasi mkononi. Mwaka 2015 alikimbilia Rwanda, akakaa kambi ya Mahama, na humo kambini akafundisha watoto taekwondo. Ni kambi kama hii yetu, yenye foleni ya maji na foleni ya chakula. Kutoka humo akaenda Tokyo. Hakurudi na medali, lakini watoto aliowafundisha walimwona mwalimu wao kwenye televisheni.

Paris, mwaka 2024, wakimbizi wanane walishiriki, na medali za kwanza zikaja. Dada Zakia Khudadadi wa Afghanistan alipata shaba katika taekwondo. Guillaume Junior Atangana wa Kameruni, asiyeona, alipata shaba katika mita 400, akiongozwa na mkimbizi mwenzake, Donard Ndim Nyamjua.

TURUDI NYUMBANI KWETU

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu. Darasani kwangu wamo watoto watatu wenye ulemavu. Saa ya michezo ikifika, wenzao wanakimbilia uwanjani, na hao watatu wanabaki kulinda viatu na madaftari ya wengine. Hakuna aliyewaamuru. Wamezoea tu. Na hao ni wale waliobahatika kuletwa shule. Wapo wengine ambao hatuwajui, wanafungiwa ndani wageni wakija.

Siwalaumu wazazi. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, nikimtoa watamcheka, atalia, halafu wewe utakuwa umeshaondoka." Ana haki ya kuogopa. Njia ni za matope, kiti cha magurudumu kikivunjika fundi hayuko, na mtoto wa kike mwenye ulemavu akitoka peke yake kuna hatari. Najua pia kwamba michezo haiongezi unga kwenye mgao. Na watoto wetu wengi hawatafika Paris, wazima kwa walemavu.

Lakini mtoto anayekaa tu, mwili unakakamaa, na moyo unajifunza kwamba yeye si mtu wa kuhesabiwa. Wale askari wa Guttmann hawakuanza kwa kutafuta medali. Walianza kwa kutafuta sababu ya kuamka asubuhi.

TUNAWEZA KUANZA NA NINI?

Vitu vya kuanzia tunavyo:

1. Kamba na vijiti viwili vinatosha kwa wavu wa voliboli ya kukaa. Tutandike turubai la zamani ili watoto wasichubuke. Na wazima wakae chini wacheze pamoja nao.

2. Kwa wasioona, tushone balo la matambara na kuweka vizibo vya soda ndani. Litapiga kelele likibingirika.

3. Kwa mbio, kitambaa kifupi kinatosha kumfunga asiyeona na mwenzake mkono kwa mkono. Waanze kwa kutembea, wakizoeana wakimbie.

4. Viziwi wanahitaji kitambaa cha kupepea badala ya filimbi. Ni hilo tu!

5. Aliyevunjika mgongo asikae muda mrefu bila kujiinua. Hasikii maumivu, na kidonda kinaanza bila yeye kujua. Baada ya mchezo, nyumbani akaguliwe ngozi. Mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo aende kwanza zahanati kuuliza.

6. Majina. Tuache kuwaita "kilema", "kiwete", "bubu". Kila mtoto alipewa jina na wazazi wake. Tumwite hilo.

Wazee wetu, viongozi wa vijiji, tunawaomba mtusaidie kujua nyumba zenye watoto hao, kwa heshima, bila kumlazimisha mtu. Vijana wa timu za mpira, tunawaomba saa moja tu ya uwanja, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Na wewe mtu mzima uliyepoteza mguu au macho, usifikiri hii ni ya watoto tu. Tunamhitaji mkubwa wa kuwaonyesha njia.

Mzazi anayeogopa kumleta mtoto aje naye, akae pale pale kando aangalie. Akiona hapendi, atarudi naye nyumbani. Akiona anapenda, Jumamosi nyingine atuletee na mtoto wa jirani. Majina tunayaandika shuleni kila siku baada ya masomo. Mtoto asiyeweza kufika, tutumieni habari, tutakuja sisi mpaka mlangoni.