Somo la Kupumua Lianzie Kifuani mwa Mtoto

Ni desturi yetu walimu, tufikapo kwenye somo la mfumo wa kupumua, kuchora mapafu ubaoni na kuwataka watoto wakariri: pua, koo, koromeo, mapafu. Mtihani ukija, majina hayo huandikwa bila kosa. Lakini ukimwuliza mtoto huyo huyo ni nini kinachoingiza hewa kifuani mwake, atakujibu kwamba mapafu huivuta. Sivyo. Mapafu hayana misuli ya kujitanua. Kazi hiyo ni ya misuli ya mbavu pamoja na kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, nafasi ya kifuani huongezeka, nayo hewa ya nje huingia.

Naamini mtoto wa miaka minane aweza kulielewa jambo hilo, tena bila maabara. Katika shule nyingi za Kibera na Kawangware, ambako wanafunzi hubanana madarasani na vifaa ni haba, chupa tupu ya plastiki, mrija na maputo mawili yatosha. Mwalimu aikate chupa kitako. Puto moja alifunge kwenye ncha ya mrija na kulining'iniza ndani, kisha azibe mdomo wa chupa kwa udongo, mrija ukibaki wazi. Puto la pili alipasue na kuliwamba kitakoni. Likivutwa chini, puto la ndani hutuna, likiachiliwa, hunywea. Baadaye kila mtoto aweke viganja mbavuni na kuhisi jambo lilo hilo mwilini mwake.

Kwa nini nayasisitiza haya? Kwa sababu katika mitaa hiyo miwili pumzi si habari ya vitabuni tu. Jamaa nyingi huishi katika chumba kimoja ambacho ndicho jikoni na ndicho malazi. Moshi wa makaa, wa stovu ya mafuta taa na wa taka zichomwazo vichochoroni huingia katika vifua vichanga. Homa ya mapafu ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Kenya ilianza mwaka 2011 kutoa chanjo dhidi ya bakteria mojawapo iletayo ugonjwa huo, lakini chanjo hiyo haizuii kila aina yake.

Na mama anapokwenda kufua nguo Lavington, ni nani anayebaki na mtoto? Mara nyingi ni mwanafunzi wetu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chepesi: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye kikohozi, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika hali ametulia, apelekwe kliniki, wa miezi 2 hadi 11, ni mara 50. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani avutapo pumzi, pasiwe na kukawia. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanafunzi aliyeelewa kazi ya mbavu na kiwambo ataelewa pia maana ya kubonyea huko, na atamwita mtu mzima upesi.

Wako watakaosema kwamba tunawatwika watoto mzigo wa wazazi. Sikubaliani nao. Mzigo wa ulezi wanao tayari. Wanachokosa ni maarifa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, wataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Basi walimu wenzangu, tuwazoeze watoto kuhesabu pumzi za wenzao kwa saa ya darasani, ili watakachojifunza kiwafae nyumbani jioni hiyo hiyo.