Kumchagulia Mtoto Kitabu cha Kuanza Kusoma

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kaeni karibu na redio, na aliye na kitabu chochote cha mtoto akiweke mezani. Leo nitaeleza habari za vitabu vya hadithi kwa watoto wanaoanza kusoma: kipi kinafaa kununuliwa, na kipi kiachwe pale pale kilipo.

Nasema hasa na ninyi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala. Januari, shule zinapofunguliwa, Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi hujaa madaftari, sare na vitabu. Mchuuzi hukuita, "Mama, chukua hiki, mtoto atasoma mwenyewe." Kitabu kinang'aa, kina picha nyingi. Nawe una fedha ya kitabu kimoja tu. Ukichukua kisichofaa, hutanunua kingine mpaka mwakani, na mtoto atakaa mwaka mzima na kitabu kisichomsomesha.

Kwanza tukumbuke jinsi Kiswahili kinavyosomwa. Irabu zetu ni 5: a, e, i, o, u. Kila moja ina sauti yake, wala haibadiliki. Ukiiunganisha b na irabu hizo unapata ba, be, bi, bo, bu. Mtoto akijua silabi hizo, na ma, me, mi, mo, mu, na ga, ge, gi, go, gu, anaweza kusoma sentensi nzima: Baba amebeba boga. Hakuna aliyemfundisha neno "amebeba". Amelijenga mwenyewe, a-me-be-ba, kama fundi anavyopanga matofali.

Angalieni neno moja hapa. Jina la herufi b ni "be", lakini sauti yake si "be". Mtoto anayekariri "be, a, be, a" hatapata "baba" hata akikariri mpaka usiku. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliobadilishwa mwaka 2015 uliweka mbele Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na katika kusoma mtoto huanza na sauti za herufi. Basi kitabu cha nyumbani kifuate njia hiyo hiyo.

Sasa tazameni vile vitabu vya Kiingereza vinavyouzwa pamoja na vya Kiswahili. Ni vizuri kwa watoto wanaofundishwa kwa Kiingereza. Lakini herufi a katika maneno ya Kiingereza cat, cake na ball ina sauti 3 mbalimbali. Mtoto wa darasa la kwanza anayefundishwa kwa Kiswahili, akipewa kitabu hicho kabla hajakaza irabu zake, huanza kuuliza: a ni ipi? Mwacheni amalize kwanza ya kwetu. Na ile karatasi ya ukutani yenye q na x si ya Kiswahili. Herufi hizo hatuzitumii katika maneno yetu.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaioni. Hadithi fupi ya Kiingereza ikitafsiriwa, maneno hurefuka. Kiingereza husema kwa maneno manne mafupi, "when we visit them"; sisi twasema neno moja: tutakapowatembelea. Hesabuni silabi: tu-ta-ka-po-wa-te-mbe-le-a. Ni 9! Mtoto akifika mwisho wa neno, mwanzo wake amekwisha kuusahau. Kwa hiyo wembamba wa kitabu usikudanganye. Fungua katikati utazame urefu wa maneno. Kwa anayeanza, silabi 2 mpaka 4 zinatosha.

Tena tazama silabi zenyewe. Kitabu cha kwanza kiwe na ba, ka, ta, ma. Baadaye zije mba, nda, nja. Halafu cha, sha, nya, kwa, mwa. Ng'ombe na ngoma zije mwisho, na ziandikwe vema. Kitabu kinachoandika "ngombe" bila ile alama ndogo juu, kirudishe, kinamharibia mtoto. Vivyo hivyo r na l, maana kula si kura.

Lakini silabi peke yake si hadithi. Nimeona vitabu vinavyosema: Bibi ana babu. Babu ana bibi. Bibi ana boga. Nani atataka kufunua ukurasa wa pili? Afadhali kitabu kinachosema: Kuku amepotea. Juma ametafuta jikoni. Hayupo. Maneno ni mepesi, na mtoto anataka kujua kuku yuko wapi.

Mama mmoja wa darasa la jioni, muuza mchicha, alikuwa katika mwezi wa 3 wa kujifunza kusoma. Mwanawe alikuwa "akisoma" kitabu chake chote bila kukwama, na mama aliona haya kwamba mtoto amempita. Siku moja alifunika picha kwa kiganja, akaonyesha neno moja. Mtoto akasema, "Mbuzi." Mama akalisoma polepole: be-be-ru. Mtoto alikuwa akisoma picha, si maneno! Hakumchapa wala hakumcheka. Walianza upya pamoja, kila jioni kurasa 2, na sasa mama mwenyewe ndiye mkaguzi.

Basi fanyeni hivyo hivyo sokoni. Funika picha, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Msione haya mbele ya mchuuzi. Anayenunua kitambaa si hukikunjua? Kama wewe unayejifunza umekwama kila mstari, mtoto naye atakwama. Herufi ziwe kubwa na nyeusi, mistari iachane, na neno lisikatwe mwisho wa mstari.

Asiye na fedha aende Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Kutoka Kariakoo, ukipita Mnazi Mmoja, unaweza kwenda kwa miguu. Iko sehemu ya watoto. Vitabu vya Kiswahili vilivyotungwa hapa hapa navyo vipo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia vingi vitoke. Vitafuteni hivyo kabla ya tafsiri.

Sasa mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: kuku, embe, mchicha, ng'ombe, hawatatukumbuka. Kila mmoja ayagawe kwa silabi, kisha aseme lipi lifae kitabu cha kwanza na lipi lingoje. Juma lijalo leteni majibu, pamoja na kitabu kimoja cha mtoto mlichokipima. Kwaherini.